Somo: Kupata hedifoni isiyouma kwa mwenye kichwa kikubwa na masikio makubwa

Ukienda kununua kiatu unaulizwa namba. Hedifoni huuzwa bila namba, na mwenye kichwa cha kofia namba 62 anapewa ileile anayopewa mwenye namba 55. Akirudi nyumbani, baada ya nusu saa sikio linawaka moto, anaivua na kusema kichwa chake ndicho kibaya. Hapana. Hakupimwa tu. Na kipimo ambacho karibu kila mtu anakisahau si cha kichwa, ni kina cha kikombe: nafasi iliyopo kati ya ngozi ya pembeni mwa kichwa na plastiki ya ndani. Sikio lililotokeza likigusa plastiki hiyo, hata hedifoni ya bei kubwa itauma.

Tukubaliane majina kwanza. Upinde ndio unaopita utosini. Mikono ni vyuma au plastiki za pembeni unazovuta kurefusha. Vikombe vinabeba spika, na sponji ni ule mviringo laini unaolizunguka sikio.

HATUA YA 1: Pima

Tafuta futi kamba ya fundi cherehani, rula, vitabu viwili vyenye jalada gumu na kipande cha manila. Uwe na mtu wa kukusaidia, kwa sababu huwezi kusoma rula iliyo nyuma ya sikio lako mwenyewe.

Utosi: weka mwanzo wa futi kamba kwenye tundu la sikio moja, pitisha juu ya utosi, ishuke hadi tundu la sikio la pili. Usiivute. Mwenye rasta, mwenye nywele za kusuka, anayevaa hijabu au kilemba, apime akiwa navyo, maana ndivyo atakavyoivaa. Dukani utarefusha mikono yote miwili hadi mwisho, kisha upime chini ya upinde toka katikati ya kikombe kimoja hadi katikati ya kingine. Namba ya hedifoni iizidi yako kwa sm 2 angalau. Zikilingana tu, upinde utakaa utosini kama kamba na vikombe vitaning'inia juu ya masikio.

Upana: banisha vitabu viwili wima, kimoja kila upande, juu kidogo ya masikio. Jitoe katikati taratibu bila kuvisogeza, mwenzako apime nafasi iliyobaki. Iandike, utaihitaji Hatua ya 4.

Sikio: urefu kuanzia ukingo wa juu hadi chini ya ndewe, upana, halafu kina. Kwa kina, simamisha rula nyuma ya sikio, ncha yake iguse mfupa, na usome pale ukingo wa sikio unapoishia. Angalia rula yenyewe: rula nyingi za shule zina milimita kadhaa tupu kabla ya sifuri. Usipoziongeza utapata kina pungufu, na hiyo milimita 4 au 5 ndiyo inayoleta maumivu.

Sasa chora kwenye manila umbo la yai lenye urefu na upana wa sikio lako, ongeza mm 5 kila kipimo, likate. Kipande hicho ndicho namba yako. Kiweke kwenye pochi. Dukani kitumbukize ndani ya tundu la sponji: kikiingia bila kukunjwa, sikio litaingia. Kina ulichopima nacho kilinganishe na kina cha kikombe. Kikigoma, usishawishike na maneno ya muuzaji kwamba "italegea ukishaizoea". Upinde hulegea, lakini tundu la sponji haliongezeki. Ukisahau kipande chako, kadi ya benki inasaidia kidogo: upande wake mfupi ni mm 54. Tundu lisilopitisha upande huo kwa urefu wake, liache.

HATUA YA 2: Achana na zinazokaa juu ya sikio

Hedifoni ndogo zinazolalia sikio badala ya kulizunguka hazikufai kwa kuvaa muda mrefu. Zinabana gegedu la sikio dhidi ya mfupa, na kama umevaa miwani, mkono wa miwani unaingia katikati. Zipo kwa ajili ya safari fupi ya daladala, basi.

Kati ya zinazozunguka sikio, umbo la tundu lina maana kuliko jina la kampuni. Tundu la yai linafuata umbo la sikio; la duara linapoteza nafasi pembeni na kubana juu na chini. Sennheiser HD 600 ina tundu la yai na inabana kwa takriban nyutoni 2.5 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Beyerdynamic DT 770 Pro ina sponji za duara na inabana kwa takriban 3.5, tofauti ambayo kichwa kipana kinaihisi haraka, kwa sababu upinde ni springi: kadiri unavyoupanua ndivyo unavyobana zaidi. Namba hizo hupimwa kwa upana wa kawaida, yako itakuwa juu yake.

Uzito nao. Sony WH-1000XM4 ina gramu 254, AirPods Max ina gramu 384.8. Gramu 130 za ziada unazisikia utosini ikifika saa ya pili. Uzito huohuo unasaidia kugundua bandia: beba mzani mdogo wa jikoni, na kama iliyoandikwa gramu 254 inasoma 190, rudisha kwenye boksi.

HATUA YA 3: Dukani

Kariakoo muda wa kujaribu ni mfupi na watu ni wengi. Nenda asubuhi siku ya kazi, na kabla ya kutoa hela patana kabisa: nikiivaa dakika 15 ikiuma, unanibadilishia? Ukikataliwa, pita duka la pili.

Ukiwa umeivaa, fungua mdomo na utafune hewa. Kama kikombe kinainuka, sponji imekaa juu ya kiungo cha taya na utaumwa taya. Pitisha ncha ya kidole chini ya ndewe: ikipenya, kuna mwanya, na mwanya huo unakula besi, halafu wewe unaongeza sauti kufidia. Mwisho inamisha kichwa kama unafunga kamba za viatu. Inayoteleza ni fupi au imelegea mno.

HATUA YA 4: Kulegeza upinde

Hapa ndipo hedifoni nyingi zinavunjwa. Angalia kwanza upinde umetengenezwa kwa nini. Wa chuma unapinda na kubaki ulivyopindwa. Wa plastiki tupu unarudi ulivyokuwa, au unakatika.

Kwa njia ya polepole, panga vitabu hadi vifikie upana uliopima, ongeza sm 2, vika hedifoni juu yake na uiache usiku kucha, kwa muda wa masaa 8 hadi 12. Ijaribu asubuhi. Ikibana bado, ongeza sm 1 usiku unaofuata. Usiruke hadi sm 6 kwa haraka: hedifoni ikilegea kupita kiasi, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuilegeza.

Kwa zenye mikono ya chuma kama HD 600, irefushe mpaka chuma kionekane, shika chuma chenyewe kwa vidole gumba viwili na ukipinde kidogo kuelekea nje, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Usishike vikombe ukavuta, maana nguvu yote itaishia kwenye kiungo cha plastiki.

HATUA YA 5: Sponji

Kama upana ni sawa ila sikio linagusa ndani, badilisha sponji kabla ya kubadilisha hedifoni. Tazama zinavyofungwa: zipo zenye mdomo wa kitambaa unaoingia kwenye mfereji kuzunguka kikombe, zenye vibanio vya plastiki, na zilizogundishwa. Za mdomo ni rahisi. Pima kipenyo cha nje cha kikombe, agiza sponji za namba hiyo, na uvalishe kwa kuanzia upande mmoja huku ukizungusha.

Bila kununua kitu: chukua kamba laini ya pamba yenye unene wa mm 5, izungushe ndani ya mdomo wa sponji, nyuma yake. Sponji inainuka kwa karibu unene huo. Ukiiweka nusu ya nyuma tu, kikombe kinainama kufuata sikio, na kwa masikio yaliyotokeza hiyo ni bora zaidi.

Kwa joto na unyevu wa Dar, ngozi bandia huanza kumenyuka mapema na kuacha magamba meusi shingoni. Ifute jasho kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya kuivaa, usiiache ndani ya gari juani. Sponji za kitambaa zinapitisha hewa, ila zinavujisha besi kiasi na kelele za nje zinaingia.

MASWALI

Swali (Tabata): Mkuu, yangu ni ya kukunjwa, nimeiweka kwenye vitabu nikasikia "tak". Inaendelea kucheza vizuri. Niendelee?
Jibu: Itoe sasa hivi. Mulika tochi kwenye kiungo kinapokunjwa, utaona ufa mwembamba mweupe. Gundi ya kawaida ya haraka haivumilii pale. Tumia ile ya kuchanganya mirija miwili, lalisha kipande chembamba cha bati juu ya ufa kama banzi la mfupa, iache masaa 24, na usiikunje tena.

Swali (Mbezi): Nafanya kazi ya kupokea simu, saa nane kwa siku, navaa hijabu. Sikio linauma upande mmoja tu.
Jibu: Dada, angalia pini kwanza. Pini au fundo likiwa chini ya sponji linachimba hapo hapo kila siku. Lihamishie chini ya kidevu au nyuma. Ndani vaa kofia nyembamba ya pamba, kitambaa kizito hutengeneza mikunjo. Kama ni ya kikombe kimoja, badilisha sikio kila saa mbili.

Swali (Ubungo): Nimeweka sponji nene, maumivu yameisha lakini besi imepotea.
Jibu: Bonyeza vikombe kwa viganja wimbo ukiendelea. Besi ikirudi, kuna uvujaji: mdomo wa sponji haujaingia vizuri kwenye mfereji. Isiporudi, sikio limekuwa mbali na spika. Ongeza besi kidogo kwenye programu ya simu, usiongeze sauti yote.

Swali (Temeke): Shikamoo mwalimu. Baba anatumia kifaa cha kusaidia kusikia, kile cha nyuma ya sikio. Akivaa hedifoni kinapiga mluzi.
Jibu: Marahaba. Maikrofoni ya kifaa hicho iko juu, nyuma ya sikio, na kikombe kikikaribia sana sauti inarudi ndani ndipo inapiga mluzi. Mtafutie yenye tundu kubwa linalofunika sikio pamoja na kifaa, kina kizidi sikio lake kwa sm 1, na vikombe viwe vya wazi, yaani visivyozibwa upande wa nje. Kisha aisogeze juu kidogo mpaka mluzi unyamaze.