Mwachie mwenzako kalamu unapowasilisha mchoro

Unapowasilisha kazi yako katika studio ya usanifu wa majengo, mbele ya mwalimu anayeikosoa, mkabidhi mwenzako daftari aandike neno kwa neno yote yanayosemwa, na kwenye nakala ya mchoro atie alama pale hasa kidole cha mwalimu kilipogusa, iwe ni ngazi au dirisha. Anayetetea kazi aliyoikeshea husikia lawama kabla ya ushauri, kwa kuwa akili yake imeshughulika kutafuta majibu. Baadaye, akisoma maandishi hayo akiwa ametulia, ndipo hutambua kwamba kauli ya mwalimu “mlango huu unanisumbua” ilikuwa hoja kuhusu mapito ya watu, wala si hukumu juu ya kipaji chake. Njia hii hushindwa pale mwenzako anayeandika anapofupisha kwa maneno yake, au mwalimu asipotaja sababu, hapo uliza papo hapo: “Nianze kurekebisha wapi?”