Waache wageni wauone mchoro kabla hujaueleza

Anayewaongoza wageni au wanafunzi kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, katikati ya Tanzania, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, hushawishika kuanza kueleza mara tu kundi linapofika chini ya mwamba, ilhali watu bado wanahema kwa kupanda kilima na macho yao yametoka kwenye jua kali. Wakalishe kwanza. Wape dakika tano za kimya, kisha waulize wanaona nini. Mara nyingi mtoto ndiye anayekuwa wa kwanza kumtambua twiga kwa shingo yake nyekundu iliyofifia, na akishaonekana huyo, maumbo mengine huanza kujitokeza yenyewe. Hapo ndipo ueleze kwamba michoro myekundu kwa kawaida huhusishwa na wawindaji wa kale, na ile myeupe, ambayo mara nyingine imechorwa juu yake, na wakulima waliokuja baadaye.

Usiumwagie mwamba maji ili rangi ikolee, hata mgeni mwenye kamera akikusihi namna gani (nao husihi kweli), kwa kuwa maji huondoa rangi kidogo kidogo na kuacha chumvi juu ya jiwe. Mkienda Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo yenye michoro hiyo, ambako wenyeji hufanya matambiko hadi leo, waeleze wageni jambo hilo mkiwa bado chini, kabla ya kuanza kupanda, na mkikuta mabaki ya sadaka, yaacheni yalivyo.