Mandolini ya Zamani Mtandaoni: Omba Picha ya Ndani Kabla ya Kutuma Pesa

Mwenzangu wa kwaya hapa Kisumu alinionyesha simu yake majuzi: mandolini (ala ndogo ya nyuzi, jamaa ya gitaa) "ya 1920", bei ya kutoa jasho, picha tatu, zote za mbele. Nikamwambia asitume hata shilingi.

Omba kwanza picha ya lebo, imulikwe kwa tochi kupitia tundu la sauti. Kisha kichwa, mbele na nyuma, mgongo, na mkiani nyuzi zinapofungwa. Muuzaji anayesema "hakuna haja" ameshakujibu.

Lebo isome polepole. Mandolini za Napoli, Italia, zile zenye mgongo wa mviringo kama kibuyu, hupenda kujivunia medali za maonyesho, na mwaka unaouona mara nyingi ni wa medali, si wa kutengenezwa. Tarehe ya hataza (patent) iliyogongwa kwenye chuma nayo ni vivyo hivyo: chuma hicho hakiwezi kuwa cha kabla yake, ila chaweza kuwa cha miaka mingi baadaye. Jina la nchi husaidia zaidi. "Occupied Japan" ni 1945 hadi 1952. "West Germany" haikuwapo kabla ya 1949.

Ukiambiwa ni Gibson, kampuni hiyo ilianza 1902 huko Kalamazoo, Marekani. Kile kifuniko kidogo cha kichwani huficha ncha ya chuma cha kunyooshea shingo, kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ukiuziwa ya 1910 yenye kifuniko hicho, uliza shingo ilibadilishwa lini. Na sahihi ya Lloyd Loar, mtaalamu mashuhuri wa Gibson, ni ya 1922 hadi 1924 tu. Ukiiona kwa bei ya mbuzi, cheka uendelee na shughuli zako.

Nyufa, shingo kupinda, uso kubonyea chini ya daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi): ulizia pia, maana fundi wa mandolini huku kwetu ni wa kutafutwa.

Ile ya mwenzangu iliumbuliwa na skrubu. Picha ya mkia ilipofika, skrubu zote tatu zilikuwa za bisibisi ya nyota, na hizo zilienea kuanzia miaka ya 1930. Sikukimbilia kusema ni uongo, kwani mafundi hubadilisha vyuma. Nikaikuza picha nitafute matundu ya zamani yaliyozibwa pembeni. Hakuna. Tulipomuuliza muuzaji, tangazo likabadilika usiku uleule: sasa mandolini ni "ya zamani" tu. Bei ni ileile.