Jaribio la nne na upepo wa Nkuhungu, Dodoma: jinsi ya kupanga timu ya panti

Nilikuwa golikipa kabla goti halijanistaafisha. Ndiyo maana vijana waliponijia na mpira wa yai wakitaka tucheze mchezo wa Kimarekani (American football), kitu cha kwanza kuniingia akilini kilikuwa panti. Una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Matatu yakibuma, la nne unaupiga mpira kutoka mkononi kama golikipa, wapinzani wakaanzie mbali. Mkwaju huo ndio panti. (Jina hilo waliliangulia kicheko wiki nzima, tukazoea.)

Anza na mrushaji, yule anayeinama na kuutupa mpira nyuma katikati ya miguu yake. Mpe wiki mbili kabla hujachagua mpango wowote. Wa kwetu ni fundi baiskeli, mikono ya chuma, lakini kwa yadi 15 mpira ulikuja mara ukitambaa, mara juu ya kichwa. Timu za kulipwa hutumia kama sekunde 2 tu tangu mpira urushwe hadi upigwe. Ukianza kuuokota kwenye vumbi, umeshaliwa.

Mpango wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, unaouona kwenye tivii ni huu: watano katikati ya mstari, wawili mabawani, wakimbiaji wawili pembeni kabisa, mlinzi mmoja mbele ya mpigaji, na mpigaji yadi 15 nyuma. Wale wa pembeni humfikia mapema mpokeaji, yaani mpinzani anayeudaka mkwaju, huo ndio utamu wake. Ila kila mzuiaji anarudi nyuma huku akisoma nani anakuja, na mmoja akisinzia tu, mkwaju unazuiwa. Tuliuhangaikia mwezi mzima. Alasiri moja kijana mmoja mwembamba alizuia mikwaju mitatu, nikaukunja mpango.

Sasa tunatumia ngao. Saba mstarini, wameachana kwa nafasi pana. Watatu wenye miili wamesimama bega kwa bega yadi kama 7 nyuma ya mrushaji. Mpigaji yuko nyuma yao. Wa mstarini wanamgonga mtu kidogo kisha wanatimka. Kwetu ulieleweka siku moja. Timu nyingi za vyuo vya Marekani huutumia kwa sababu sheria zao zinaruhusu mstari wote uondoke mpira ukisharushwa. NFL, ni wawili wa nje tu wanaoruhusiwa kutangulia kabla mpira haujapigwa. Kwa hiyo kubalianeni kwanza mnacheza kwa sheria zipi.

Ngao inavunjikia katikati. Wapinzani wakileta wanne pale, watatu wako watasukumwa hadi kwenye mguu wa mpigaji. Sisi mpira uligonga mgongo wa mtu wetu wenyewe! Wafundishe kusimama pale pale, wasirudi hata hatua.

Mkibanwa karibu na mstari wenu wa goli, mambo hubadilika. Eneo la mwisho, lile la nyuma ya mstari huo, lina kina cha yadi 10, na mpigaji akikamatwa humo na mpira, wapinzani wanapata pointi 2. Hapo nawaita wa pembeni warudi ndani, wote wabanane. Mpokeaji atapata uwanja wa kukimbia, na mimi nakubali hasara hiyo.

Halafu upepo. Agosti, alasiri, Dodoma haikuulizi. Mkwaju mzuri hukaa angani sekunde 4 na zaidi, muda wa watu wako kufika. Upepo ukikupiga usoni, mkwaju wa juu unarudi kama umesahau kitu. "Kochi, upepo umeula," ndivyo wanavyoniambia. Ushushe mpira karibu na mguu, upige chini chini. Lakini mpira wa chini humfikia mpokeaji kabla ya wakimbiaji wako, basi uelekeze kwenye mstari wa pembeni utoke nje. Mstari wetu tunauchora kwa majivu ya mama ntilie, na kwa upepo huo huo, kufikia saa kumi na moja tunabishana ulikuwa wapi.