Somo: Kupima volti, mkondo na joto kwenye sola kwa INA238 na Linux

Mafundi wenzangu wa Tanga, mwenye friza ya samaki pale Deep Sea anataka kujua betri inapokea nini na inatoa nini. Volti peke yake haimwambii. Chipu ya INA238 ya Texas Instruments hupima volti hadi 85, mkondo kupitia shanti (kizuizi chenye ukinzani mdogo unaojulikana), na joto. Draiva yake imo kwenye kerneli ya Linux. Hakikisha tu CONFIG_SENSORS_INA238 imewashwa.

1. Shanti. Hapa msiharakishe. Iliyoandikwa 50A 75mV ina miliomu 1.5, yaani maikroomu 1500. Ifunge kwenye waya chanya wa betri. Ina skrubu mbili kubwa za mzigo na mbili ndogo za kipimo: nyaya za IN+ na IN− (pini za chipu za kupima shanti) zitoke kwenye ndogo tu. Ukizibana kwenye kubwa, unapima shanti pamoja na kutu ya terminali, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi. Miliomu moja ya kutu inapandisha kipimo kwa theluthi mbili nzima! Kila waya mwembamba unaotoka kwenye chanya uwe na fyuzi yake ndogo.

2. VBUS, pini ya chipu ya kupima volti, iende kwenye chanya ya betri. Chipu ipewe volti 3.3, na GND iungane na hasi ya betri. Kisha unga SDA na SCL kwenye pini za I2C (basi la mawasiliano) za kompyuta yako ya Linux.

3. Piga `i2cdetect -y 1`. Ukiona 40, anwani ya chipu, endelea:

`echo ina238 0x40 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`

Volti na joto vitakuwa sahihi, lakini mkondo usiuamini bado, maana draiva haijaijua shanti yako. Ikidhani ni 3000 wakati ni 1500, utasoma nusu.

4. Iambie kupitia faili la dts (maelezo ya vifaa vya kompyuta yako), chini ya basi la I2C, likompaili, kisha washa upya:

```
ina238@40 {
  compatible = "ti,ina238";
  reg = <0x40>;
  shunt-resistor = <1500>;
};
```

5. Vipimo viko chini ya `/sys/class/hwmon`. Namba ya hwmon hubadilika, kwa hiyo tafuta humo folda ambayo faili lake `name` linasema ina238. Humo `in1_input` ni milivolti, `curr1_input` ni miliampea, na `temp1_input` gawanya kwa 1000 upate nyuzi.

MASWALI

Shikamoo fundi. Nikirudia i2cdetect naona UU badala ya 40. Chipu imeungua?
— Marahaba mdogo wangu. Haijaungua. UU maana yake draiva imeshaishika.

Kaka, mchana jua likiwaka mkondo unasoma hasi.
— Betri inachaji, na IN+ yako iko upande wa betri. Ukitaka kuchaji kusomeke chanya, badilishana nyaya mbili za kipimo.

Joto linasema 47 ila betri nikiigusa ni ya kawaida.
— Hilo ni joto la chipu yenyewe, dada. Kwa betri gundisha kihisi joto cha DS18B20 ubavuni mwake. Linux hukisoma kwa draiva ya w1_therm.