Tipu kwenye kaunta ya kahawa: ninavyofanya hapa Moshi

Huu ni mwaka wangu wa saba nyuma ya mashine ya espreso mjini Moshi. Vijana wanaoanza kazi huniuliza nawaambia nini wageni mpaka waache tipu. Siwaambii kitu kuhusu tipu, wala usijaribu. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Kikombe kwanza

Kila asubuhi napima: gramu 18 za unga wa kahawa, zitoe kama gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio, saga laini zaidi. Ikisuasua, saga kwa chenga kidogo. Onja mwenyewe. Maziwa nayaondoa kwenye mvuke yakifika nyuzijoto 60 hadi 65, maana yakizidi 70 utamu wake unapotea. Ukikosea, mwaga urudie, hata kama foleni ni ndefu.

Hatua ya 2: Mjue aliyeshuka mlimani

Hapa ndipo penye tipu ya Moshi. Mgeni anayeanza kupanda Kilimanjaro kesho ana wasiwasi, na kichwani anahesabu hela za waongozaji na wapagazi. Mpe kahawa yake upesi, mtakie safari njema. Aliyeshuka ni mtu mwingine kabisa. Utamjua kwa midomo iliyobabuka na anavyoteremka ngazi huku ameshika ukuta. Ana furaha, ana shilingi zilizobaki, na anatamani mtu wa kumsimulia.

Muulize, "Umeshukia Mweka au Marangu?" Hizo ndizo njia mbili za kushukia, na hapo anajua anaongea na mtu wa mlima huu. Kisha weka kitambaa chini umsikilize. Kama kuna watu kaunta, msikilize unapompelekea kikombe mezani.

Akiuliza kuhusu kahawa, mwambie imekua chini ya migomba, kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya mteremko uleule aliopita na gari siku ya kwanza. Lakini usimdanganye. Wiki tunayotumia kahawa ya Mbinga, kule Ruvuma, nasema ni ya Mbinga.

Hatua ya 3: Vunja noti mapema

Kapuchino yetu ni shilingi 6,000. Mgeni akitoa 10,000 nawe ukamrudishia noti mbili za 2,000, atachagua kuacha 2,000 au asiache kitu, na wengi hawaachi. Mpe noti moja ya 2,000, moja ya 1,000 na sarafu mbili za 500. Weka yote kwenye kisahani, shukuru, ondoka. Usisimame pale ukimtazama. Na "sina chenji" isitoke kinywani mwako. Mgeni ataona unamlazimisha, na kweli unamlazimisha.

Hatua ya 4: Wenyeji wasisubiri

Inaniuma nikiona mhudumu akimruka mzee wa mjini ili akimbilie meza ya wazungu. Yupo mzee mmoja anayekunywa kahawa nyeusi kila siku isipokuwa Jumapili. Nikimwona anaegesha baiskeli naanza kusaga, na akifika mlangoni, shikamoo inatangulia. Huacha 500. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni 13,000, msimu wa watalii uwepo usiwepo.

Hatua ya 5: Kopo la tipu liwe la wote

Anayelipa kwa kadi au kwa simu kupitia Lipa Namba akiongeza chochote, hela inaingia kwenye akaunti ya mwenye duka. Kaa naye mapema mkubaliane itawafikiaje, na mwandike.

Kopo la kaunta nalo lina mambo yake. Mahali nilipofanya kazi zamani, msimamizi alilifungua peke yake, usiku, baada ya sisi kuondoka. Miezi miwili tu, hakuna aliyejali tena kikombe kilikuwaje. Hapa tunahesabu saa kumi na mbili jioni, wote tukiwepo, na dada anayeosha vyombo ndiye anayeshika daftari.