Kuchagua mashine ya RO yenye pampu kwa kazi ya kuosha madirisha Nairobi

Mteja wa Upper Hill au Westlands anayekulipa uoshe vioo kwa brashi ya mpini mrefu hajali povu. Anachotaka ni kioo kikauke chenyewe juani bila madoadoa meupe. Madoa hayo ni chumvi iliyokuwemo ndani ya maji, basi kazi nzima ni kuitoa chumvi kabla maji hayajafika kwenye brashi. Mashine ya RO, yaani osmosisi ya kinyume, huyasukuma maji kwenye membreni, utando mwembamba unaozuia sehemu kubwa ya chumvi. Iliyobaki humalizwa na rezini, punje ndogo za plastiki zinazonasa chumvi.

Hatua ya 1: Pima maji yako kabla hujampigia muuzaji simu

Tafuta mita ya TDS, yaani ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini (miligramu kwa lita), ile ndogo ya kushika mkononi. Maji ya mfereji ya Nairobi kwa wingi hutoka bwawa la Ndakaini, mengine Sasumua na Ruiru. Ni maji ya mito ya Aberdare, laini, na mita mara nyingi husoma chini ya 100. Ya kisima, haya tunayoyaita maji ya chumvi, husoma mia kadhaa.

Tatizo ni kwamba mfereji mmoja wa Kilimani unaweza kukupa maji ya aina zote mbili. Siku ya mgao tangi hujazwa maji ya kaunti. Yakikatika, pampu ya kisima inawashwa au boza linaitwa. Kwa hiyo pima kila siku kwa wiki mbili hivi, uandike, kisha uchague mashine kwa namba ya juu kabisa uliyopata. Wastani utakudanganya.

Namba isipovuka 100 na unafanya kazi peke yako, usinunue RO kwanza. Tungi la rezini pekee litakutosha, na pesa itakayobaki ununue mpini mzuri. Wauzaji wengi hawatakuambia hivyo.

Hatua ya 2: Hesabu lita

Brashi moja hutumia kama lita moja na nusu kwa dakika. Ukifungulia maji kwa jumla ya saa tano kwa siku, hizo ni lita 450. Watu wawili, 900. Hesabu saa ambazo maji yanatiririka tu. Muda wa kuhamisha ngazi na kubishana na askari wa geti uache nje.

Hatua ya 3: Linganisha lita hizo na membreni

Kwenye kibandiko uwezo huandikwa kwa galoni za Marekani kwa siku, na galoni moja ni lita 3.785. Membreni ya galoni 300 kwa hiyo ni lita 1,135 kwa saa 24, au 47 kwa saa. Namba hiyo lakini hupimwa maji yakiwa na nyuzi joto 25 na presha kamili. Kila nyuzi inayoshuka hukata takribani asilimia 3. Mwezi wa Julai, maji ya tangi yakiwa nyuzi 15, zile 47 zinabaki 33 hivi. Ukiwasha saa kumi na mbili jioni, hadi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa na lita 396. Brashi yako inataka 450.

Kwa mtu mmoja basi weka membreni mbili za galoni 300, au moja ya 4021, yaani inchi 4 kwa 21. Ukiwa na wafanyakazi na gari lenye tangi, nenda 4040, yenye kipenyo cha inchi 4 na urefu wa inchi 40. Ikipata pampu inayoifaa hutoa lita 200 hadi 300 kwa saa. Vipimo hivi ni vya kawaida duniani, kwa hiyo membreni ya kampuni nyingine itaingia. Kataa mashine yenye membreni ya umbo lake pekee, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Hatua ya 4: Pampu

Nyumba nyingi hapa hupata maji kwa kuteremka kutoka tangi la juu. Mita 10 za kimo hutoa bari 1 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 6 juu ya mfereji linakupa bari 0.6. Membreni ndogo hupimwa kwa bari 4 hivi. 4040 za presha ndogo kwa bari 7 hadi 10. Bila pampu utapata matone, na kwa kila lita safi utamwaga tatu au nne zilizobeba chumvi iliyozuiwa. Kwa pampu inayofaa na vali ya bomba la kumwaga iliyorekebishwa unafika lita moja safi kwa moja ya kumwagwa. Usibane vali kupita hapo kwa maji ya kisima, madini yataganda kwenye membreni.

Dai swichi mbili: ya presha ndogo, izime pampu mgao ukikata maji usiku, na ya boya kwenye tangi la maji safi. Stima ikirudi usiku wa manane hutaki pampu ikimwaga maji sakafuni. Soketi iwe na kikatizi cha kuzuia shoti.

Hatua ya 5: Filta

Ya mashapo ya mikroni 5, kisha ya kaboni. Kaboni si ya hiari: klorini ya maji ya kaunti hula membreni.

Hatua ya 6: Rezini na madoa yasiyoonekana kwenye mita

Miamba ya chini ya Nairobi ni ya volkeno, na maji ya visima hubeba silika, madini yale yale ya mchanga. Mita ya TDS hupima umeme unaopita majini. Silika karibu haipitishi, kwa hiyo mita inaweza kusoma 0 na kioo kikabaki na ukungu. RO huondoa sehemu kubwa, na rezini ya mchanganyiko huchukua iliyobaki. Rezini ikikaribia kuchoka, silika ndiyo hutoroka kwanza. Isitoshe, maji hayo yana bikaboneti nyingi. Sehemu yake huvuka membreni kama gesi ya kaboni dayoksaidi, ikaimaliza rezini mapema kuliko hesabu yako.

Badilisha rezini mita ikifika 10. Kwa maji ya kisima mimi hubadilisha ikifika 3. Hakiki kwa kioo cheusi cha gari: dondosha matone machache, yaache yakauke juani, kisha uangalie kwa pembeni.

Hatua ya 7: Siku ya kuwasha

Mwaga maji ya saa ya kwanza ya membreni mpya. Baadaye, kila unapowasha, acha dakika chache za mwanzo zipite nje ya rezini, maana chumvi hupenya polepole membreni ikiwa imelala. Kisha pima kabla na baada: yakiingia 350 yakatoka 14, membreni imezuia asilimia 96. Ikishuka chini ya 90, agiza nyingine. Maji ya kumwagwa yaelekeze kwenye tangi la choo au la kuoshea gari, ila yakiwa ya kisima usiyamwagie mboga, chumvi yake imeongezeka maradufu.